Mabaki ya Kipokezi cha Saba

Saa nne na robo asubuhi, chai ikiwa imepoa kwenye kikombe, mbunifu aliwasha kipokezi chake cha saba, na vipande vya kwanza vikaanza kudondoka chini ya meza, vyepesi kama maranda ya seremala.

Kipokezi kilikuwa kikitimiza kazi yake. Ujumbe ulisafiri juu ya mawimbi membamba sitini na manne, bega kwa bega, na kila sehemu yake ilitanguliwa na kichwa cha akiba, kipande cha ziada kilichowekwa mbele, ili mwangwi wa kuta uishie humo. Kipokezi hukikata kichwa hicho na kukitupa, na mabaki hayo ndiyo yaliyodondoka chini ya meza. Vipokezi sita vya mwanzo vilikata kidogo mno, ujumbe ukafika umevurugika. Hiki kilikata bila uchoyo, maana kuta za jengo lile zilikuwa nene na hazikusahau kitu.

Mama mfagizi aliinama na ufagio wake, akatega sikio.

"Mwanangu, takataka zako zinaongea."

"Zinasemaje, mama?"

"Hii ni mimi namsengenya mlinzi. Tuiruke." Akachambua kwa vidole. "Hii sasa ni ya mkuu."

Sauti ya mkuu wa maabara ikatoka kiganjani mwake, safi kabisa: "Mchoro ni wa binti, najua. Futa jina lake, weka langu."

Mbunifu akautazama mchoro wa kipokezi ukutani. Kweli, jina lake halikuwepo; lilikuwepo la mkuu.

Mkuu mwenyewe akapita, akasikia yote, akaliruka rundo. "Usafi, jamani, usafi," akasema, akaenda zake.

Kipokezi kikaendelea kupokea bila kosa hata moja. Mbunifu akakunja mikono kifuani, akatabasamu. Asubuhi hii aliisubiri miaka miwili.

"Sitayatupa," mama mfagizi alisema. "Maranda laini hivi!"

Kufikia Ijumaa alikuwa ameyashonea mto, akauweka kwenye kiti cha mkuu, ambaye mgongo ulimsumbua. Kila anapoketi, mto husema: "Mchoro ni wa binti, najua." Wageni huitikia kwa kichwa, kisha hutia sahihi mikataba. Mkuu anausifu sana, mgongo umepona. Jina lake bado liko kwenye mchoro.

Mbunifu ameanza kipokezi cha nane. Hiki atakiacha kikate zaidi kidogo, kwa sababu mama mfagizi ameomba ya kujazia mto wa pili, wa kiti cha wageni.