Ramani ya Kabingo

Mzee Byabato alikataa mara tatu kuwaonyesha wapimaji wa kampuni njia ya kuingia Kabingo, na mara zote tatu aliyemwendea kumbembeleza alikuwa Kokushubira.

Kabingo ni kinamasi cha mafunjo kando ya mto Kagera, upande wa Kyerwa, pale mto unapokata kona na kupunguza mwendo. Katikati yake kuna kidimbwi ambamo samaki aina ya kamongo huzaliana. Nzohe, wale swala wa majini, huwaficha watoto wao humo, na korongo wenye taji hujenga viota juu ya mafunjo yaliyolala. Byabato alikuwa ametega kamongo mle kwa miaka arobaini, na njia ile hakuwa amemwonyesha hata mwanawe wa kumzaa.

"Nikiwapeleka leo, binti, kesho watarudi na nyavu," alisema.

"Hawa si wavuvi, mzee. Kampuni inataka kujenga bohari ya mafuta kule mlimani. Malori yatashuka hapa kwenda Uganda. Siku moja lori likipinduka, mafuta yataingia mtoni. Ndiyo maana wanaandika kila kilicho hai kando ya maji, wajue pa kukimbilia kwanza. Kisichoandikwa hakitalindwa."

Maneno hayo ya mwisho aliyapata kwa Ukasha, mtaalamu aliyeletwa na kampuni kuongoza upimaji. Kokushubira aliyaamini. Alikuwa mama wa miaka thelathini na minane, mwenye kibanja cha migomba na kahawa, aliyewahi kufundisha kwa kujitolea shule ya msingi. Walimchukua kazini kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na alijua Kiswahili na Kinyambo sawasawa. Kwa siku kumi na tisa alitembea kando ya mto na kifaa cha kupimia mahali mkononi, akihesabu visima, mashamba ya mpunga, njia za viboko na miti ya viota. Hakuwahi kuifanya kazi kwa moyo namna ile.

Mara ya nne mzee alikubali. Walimfuata kwa mstari, maji kiunoni, yeye mbele akipapasa kwa fimbo. Walipofika kidimbwini Ukasha alitulia, akatazama nzohe mmoja akizama taratibu hadi ikabaki pua tu juu ya maji.

"Maji ya hapa hayaendi," Byabato alieleza. "Gunia likidondoka kule darajani, mbuzi akizama, hata maiti, vyote vinakuja kulala hapa."

Ukasha alimwomba arudie. Mzee akarudia, naye akaandika neno kwa neno, kisha akamshika mkono na kumshukuru kwa adabu.

Jioni ile Kokushubira alijaza fomu ya Kabingo. Kwenye matumizi ya maji kulikuwa na viboksi viwili tu: pampu ipo, pampu haipo. Aliweka alama kwenye haipo, kwani wanawake wa kijijini huchota kwa ndoo pembeni ya mafunjo. Chini, kwenye safu ya maoni, akaandika kwa herufi kubwa: kaya mia mbili kumi na mbili zinakunywa maji haya.

Miezi minne baadaye waliitwa Nkwenda, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, kuuthibitisha mpango wa dharura wa kukabili mafuta yakimwagika. Ramani zilikuwa zimebandikwa ukutani. Kokushubira aliitafuta Kabingo akaiona imepakwa mistari myekundu. Kifua kikampanda kwa fahari. Akamvuta Byabato kwa mkono.

"Tazama, mzee. Wametutia nyekundu. Maana yake hatari, wasiguse."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kokushubira akashusha macho chini ya ramani, kwenye maelezo ya rangi. Kijani iliyokolea: eneo la kulindwa kwanza. Kijani ile ilizunguka pampu ya kambi ya watalii, juu kidogo ya kona ya mto. Nyekundu: eneo la kuelekezea na kukusanyia mafuta.

Alisoma mara mbili. Ofisa wa wilaya alipofungua mkutano na kuuliza kama kuna swali, mkono wa Kokushubira ndio uliokuwa wa kwanza.

"Bwana Ukasha, hebu tuelezee Kabingo."

Ukasha alisimama, akafafanua kwa sauti ya upole. Mafuta yakimwagika lazima yapelekwe mahali maji yametulia, yazingirwe, yafyonzwe. Vizuizi vya kuelea walivyo navyo vinatosha mita mia tatu tu, hivyo ni lazima kuchagua. Kompyuta ilipima maeneo yote, na Kabingo ilipata alama za chini: hapana pampu, hapana kaya zinazotegemea maji.

"Hapana kaya?"

"Fomu yako mwenyewe, dada, inasema pampu haipo."

"Na chini yake nimeandika kaya mia mbili kumi na mbili."

"Ile ni safu ya maoni," Ukasha alisema. "Maoni hayaingizwi kwenye kompyuta."

Byabato aliuliza kwa Kinyambo kimesemwa nini. Kokushubira alilazimika kutafsiri, na hakuna kazi iliyowahi kumwia ngumu kama hiyo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo lile nililowaambia, kwamba kila kitu huja kulala pale, ndilo walilolitumia?"

"Ndiyo, mzee."

Byabato alivaa kofia yake akatoka bila kumuaga mtu. Kwa mzee wa rika lake, hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko matusi yote.

Hapo damu ikamchemka Kokushubira. "Mlikuja kutuuliza uhai uko wapi, mkasema mnataka kuulinda," alisema. "Tukawaonyesha. Mkachukua jibu letu mkalitumia kutafuta pa kumwaga uchafu. Mtalii akikosa maji ya bomba ataletewa ya chupa. Sisi tutaletewa nini?"

"Mama, tusilete jazba," ofisa alimkatiza. "Hili ni zoezi la kitaalamu."

"Jazba ninayo, mheshimiwa. Na takwimu ninazo pia. Ila zangu mmezitupa."

Karatasi ya sahihi za kuukubali mpango ilipopitishwa, aliisukuma mbele bila kuigusa. Mama Vero, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliyekuwa kando yake, akafanya vivyo hivyo, na safu yao nzima ikafuata. Mkutano uliahirishwa.

Kilichomuuma Kokushubira zaidi kilikuwa kijijini. Siku kadhaa mfululizo alimpa Byabato shikamoo njiani, na mzee alipita kama hajasikia. Hakumlaumu. Ni yeye aliyekwenda kumbembeleza.

Wiki ya tatu Ukasha alikuja nyumbani kwa Kokushubira, peke yake, na ramani mpya. Alionekana amechoka. Aliikunjua juu ya mkeka wa kuanikia kahawa. Kabingo sasa ilikuwa ya kijani. Nyekundu ilikuwa imehamia Nyakashenyi, kilomita tisa mbele, mto unakoteremkia.

"Nimepigana sana kwa ajili ya hili, dada. Sasa weka sahihi."

Mama Vero, aliyekuwa amekuja kumsaidia kuchambua kahawa, alimnong'oneza, "Weka tu. Sisi tumepona."

Kokushubira alishika kalamu. Ingekuwa rahisi mno. "Nyakashenyi alipima nani?" aliuliza.

"Tulitumia picha za setilaiti."

"Hamkuuliza mtu hata mmoja?"

"Mafuta lazima yaende mahali fulani. Hayapai angani."

"Basi yasiletwe mpaka mjue mahali penyewe. Au yaelekezwe kwenye ile pampu ya watalii."

"Hilo unajua haliwezekani."

"Sijui. Nieleze kwa nini."

Ukasha alikunja ramani yake, akaaga, akaondoka bila sahihi.

Asubuhi yake Kokushubira alikwenda kwa Byabato akamsimulia yote, hata kile kishawishi cha kalamu. Mzee alikuwa akisuka mgono wa kutegea kamongo. Alisuka mizunguko mitatu kabla ya kujibu.

"Nyakashenyi ni kwa wakwe zangu," alisema. "Kule wanakunywa maji ya mto huo huo. Ngoja nichukue koti."

Walikwenda kwa pikipiki mbili. Walikuta wanawake wapatao ishirini wakiosha maharage ukingoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari za bohari. Kokushubira aliwaeleza polepole. Mmoja, Placidia, aliuliza maswali mengi kwa ukali, kana kwamba Kokushubira ndiye kampuni, naye akayajibu yote. Kabla ya jua kuwa kali wanawake wale walikuwa wameshamtuma mtu kumwita mwenyekiti wa kijiji.

Kwa kuwa sahihi za vijiji hazikupatikana, kibali cha bohari hakikutoka mwaka ule. Kampuni ilitangaza kwamba upimaji utarudiwa. Kokushubira hakuitwa tena kazini. Byabato alianza tena kuitikia shikamoo yake, ingawa kwa mkato.