Miavuli ya Mtaa wa Kongo

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli tupu, hayajatiwa hata chembe ya chumvi. Atakayekamata uongo humu ndani, hata mdogo kama ukucha wa sisimizi, basi kahawa na kashata za baraza zima ni juu ya msimulizi. Mashahidi mpo. Haya, twende.

Siti binti Mwinyimvua wa Buguruni alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, na Jumapili hiyo hakupata usingizi wala hamu ya chai. Timu yao ya chuo ilikuwa imeunda gari la sola katika gereji moja ya Gerezani: bapa kama meza ya kupigia pasi, magurudumu matatu, mgongo mzima paneli. Betri lilikuwa nayo, lakini ndogo, ya kulitoa gari gerejini tu. Zaidi ya hapo, bila jua haliendi. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na kiti cha dereva kilikuwa kimoja.

Kiti hicho walikitaka wawili. Siti, aliyeunganisha kila waya wa gari lile kwa vidole vyake. Na Candida, ambaye baba yake, mzee Severine, mwenye duka la jumla Kariakoo, ndiye aliyetoa paneli. Wasichana hao walikuwa hawasalimiani. Wakitaka kuulizana bisibisi iko wapi, wanamtuma mtu.

"Shikamoo mzee," Siti alimwamkia Severine pale gerejini.

Severine akatazama saa yake. Marahaba haikutoka.

"Sikiliza, binti. Paneli ni zangu. Utatoka hapa, upite Mtaa wa Kongo mbele ya duka langu wateja waone, utokee Barabara ya Morogoro mpaka Posta. Kwa jua tu. Mkono wa mtu ukilisukuma, hata mkono wa malaika, unashuka na Candida anakaa."

"Na nikifika?"

"Ukifika, kiti chako."

Candida akacheka kwa pua. "Baba naye! Huyu hata Kongo hatoki. Shosti, umevaa viatu vya kutembelea lakini? Maana utarudi kwa miguu."

"Nimevaa vya kukukanyagia," Siti akamjibu, akajilaza ndani ya gari, akashusha kioo.

Gari likatoka kimya kimya. Mbele alitangulia Hajira, mwenzake wa timu, msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akifukuza watu: "Pisha! Pisha hapo, mwenye ndizi!" Jua lilikuwa utosini. Mshale wa kipimo cha umeme ulisimama juu kabisa, na Siti akaanza kujiona yuko Posta tayari.

Akaingia Kongo. Hapo ndipo giza lilipomshukia.

Mzee Severine, wakati wa kiangazi anauza sola, masika anauza miavuli. Stoo ilikuwa imejaa miavuli, ile mikubwa ya kufunika familia. Asubuhi ile, hata kanisani hakwenda. Aliwagawia machinga wote wa mbele ya duka lake, akawaambia wauze, faida wale wenyewe, kwa sharti moja tu: gari likifika, wasimame katikati ya barabara, miavuli wazi. Wakasimama. Mtaa ukawa pango. Mshale ukaporomoka kama embe lililoiva, gari likakohoa, likazima mbele ya duka kabisa.

"Limelala!" machinga mmoja akapiga kelele. "Lileteeni mto!"

"Dada, hilo gari au jeneza?"

Severine, aliyekwisha kutangulia dukani, alitoka nje mikono nyuma, uso mkavu. Candida, aliyewafuata kwa bodaboda, akainama kwenye kioo. "Tukusukume, mpenzi? Sema tu. Tuko wengi."

Siti alifumba macho. Jasho lilimwingia mdomoni. Kama angeshuka atukane, kiti kimekwenda. Akaona Hajira anakunja ngumi kumfuata mwenye mwavuli wa karibu, akamwita kupitia dirishani: "Hajira! Usipigane. Nunua."

"Ninunue nini?"

"Mwavuli! Ulizia bei!"

Hajira alikuwa mtoto wa Kariakoo. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akamgeukia yule machinga. "Kaka, huu unauzwa? Funga nione springi yake."

Machinga akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Mkono wake ulishazoea, hata haukumwuliza.

"Mbovu huu," Hajira akabeua, akaanza kuondoka kwa mwendo wa mtu mwenye hela. "Nataka kumi na miwili, ya harusi. Ngoja nikaangalie kule mbele."

Kumi na miwili! Neno hilo likapita mtaani kama moto wa petroli. "Dada! Dada wa harusi! Njoo kwangu, wa kwangu orijino!" Wakamkimbilia wote, miavuli imefungwa kwapani ili wasikwamane, wakisukumana, wakitukaniana mama zao.

"Rudini hapa!" Severine alinguruma. "Nimewaambia msimame!"

"Mzee, mteja huyo!" mmoja akamjibu bila kugeuka.

Jua likamwagika juu ya paneli. Mshale ukatetemeka, ukapanda. Gari likaamka, likampita Candida karibu kabisa na vidole vya miguu, likachomoka kuelekea Barabara ya Morogoro. Na huko, mabibi na mabwana, likaenda kwa kasi ya ajabu. Pale Kisutu likalipita basi la mwendokasi, abiria wote wamekodoa macho, dereva anatamani ardhi ipasuke immeze!

Posta, Candida alifika kwa bodaboda akiwa na helmeti ya dereva wa gari la sola mkononi. Hakumpa Siti, aliitupa miguuni pake. "Chukua. Nitaomba mvua siku ya mashindano."

"Omba. Baba yako atauza miavuli," Siti akasema, akaiokota.

Severine naye alikuwa ameshafika, yuko nyuma yao. Siti akamtazama usoni. "Shikamoo mzee."

Severine akatazama saa yake. Kisha, kama mtu anayeng'olewa jino: "Marahaba." Akaondoka na binti yake.

Basi hapo ndipo pangekuwa mwisho, lakini kwenye baraza alikuwapo Shamsa, ametoka kazini, sare bado mwilini.

"Babu, basi hilo la Kisutu nilikuwa naendesha mimi."

Msimulizi akakohoa. "Si alikupita?"

"Alinipita. Nilikuwa kituoni, milango wazi, nashusha abiria. Na mama wa karanga naye alinipita, sinia kichwani."

Baraza zima: "Lipa! Lipa, mzee!"

Muuza kahawa alikuwa ameshaanza kumimina bila kungoja hukumu. Msimulizi akaingiza mkono mfukoni, akalipa, na sahani ya kashata ilipozunguka ikamfikia yeye, ilikuwa imebaki na chembe za ufuta tu.