Mpaka Simu Ilie

Simu aliiweka mezani, kioo kikitazama juu, asije akapitwa. Ilikuwa wiki ya nne ya kufunga hesabu za mwaka, Jumapili nazo zimeliwa, na macho ya mhasibu yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda kwenye moshi. Alfajiri alimpeleka mama yake hospitali, utumbo umejisokota. Daktari alikuwa hajafika; alimwachia muuguzi namba yake mbiombio ili apigiwe, akakimbilia kazini.

"Bosi, naomba ruhusa. Mama anapasuliwa leo. Wanataka ndugu atie saini."

Mkuu wa uhasibu hakuinua kichwa. "Wamekupigia?"

"Bado."

"Basi haraka ya nini, dada? Simu ikilia, utaondoka. Mpaka ilie, kaa. Wakaguzi wanakuja kesho na vitabu haviwiani."

Akarudi kitini. Mwenzake aliyesema amechoka aliambiwa akapumzike moja kwa moja, na kiti chake hakijapata mtu mpaka leo. Kazi zake zimegawiwa waliobaki.

Vitabu vilipishana kwa shilingi arobaini na tano. Tofauti ikigawanyika kwa tisa, mhasibu hushuku jambo moja kwanza: kuna mtu kageuza tarakimu mbili. Akapekua ukurasa kwa ukurasa, jicho moja kwenye simu. Simu kimya. Kimya hicho akakichukulia kuwa heri.

Jioni akaipata: tisini na nne imeandikwa arobaini na tisa. Mkuu akampigia mkurugenzi. "Nimeipata, mzee," alisema.

Hospitali, muuguzi alimtazama kwa ukali. "Wewe ndiye binti yake? Tumekupigia mchana kutwa. Anapokea baba mmoja, anasema hakujui."

"Simu ninayo mkononi. Haijalia hata mara moja."

Muuguzi akamsomea namba aliyoiacha, polepole, mpaka mwisho: "...saba, moja."

Yake inaishia moja, saba.

"Daktari hapasui bila saini ya ndugu," muuguzi alisema, sauti imeshuka. "Ndio utaratibu. Pole, dada."

Kitanda cha mama kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine.

Ndipo simu ikalia. Akaipokea kwa mazoea tu.

"Dada, umeondoka na ufunguo wa kabati," mkuu alisema. "Urudishe sasa hivi. Wakaguzi wanakuja asubuhi."

"Ndiyo, bosi," alijibu, na mkono wake ukaingia mkobani kuutafuta.