Shavu Lililokufa Ganzi

Muuguzi alipima presha ya kinyozi mara ya pili, akatoka haraka. Aliporudi, alikuja na daktari.

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe. Tangu kiharusi kimwangushe katikati ya kumnyoa mteja, alikuwa amejifunza kusoma nyuso za watu wa hospitali, na uso wa daktari huyu hakuupenda.

"Presha imepanda kuliko siku alipolazwa," daktari alisema. "Tukiiacha hivi, kiharusi kingine hakiko mbali. Dawa anakunywa?"

"Nampa mwenyewe, dokta. Namtilia mdomoni, na maji juu."

"Anadeka tu huyu," akadakia kaka mkubwa wa kinyozi, aliyewaleta kwa gari lake. "Mguu unatembea, lakini kutwa anakodolea macho ukuta. Mwanaume mzima!"

Zamani kinyozi angemjibu, kaa hapa nikupunguzie kelele pamoja na nywele, na duka zima lingecheka. Sasa aliutazama mkono wake wa kushoto uliopooza pajani kama mzigo wa mtu aliyeomba ashikiwe kidogo, halafu asirudi.

Mkewe alikuwa na hofu yake, hajamwambia mtu. Nyembe zote za kazi alizifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Alidhani hatari yote imo humo.

Daktari akavuta kiti, wakakaa goti kwa goti. "Ukishapewa dawa, unafanya nini?"

"Anasukutua," mke akamjibia. "Shavu la kushoto limekufa ganzi, chakula hubaki humo. Anapenda usafi, hata dawa ya meno mwenyewe ndiye ana..."

Akanyamaza. Kila asubuhi, povu jeupe, ambamo kidonge kisingeonekana. Na beseni alilishika yeye.

"Baba watoto, unazitema?"

"Si zote," kinyozi alisema, ulimi mzito.

"Unataka kufa?" daktari akauliza, kwa sauti ileile.

"Dokta, maneno gani hayo!" kaka mtu akaruka.

"Namuuliza yeye, mzee."

Kinyozi aliinua mkono wa kulia, ulio mzima. "Kujiua sitaki. Ila kiharusi kingine kikija, sikizuii. Wembe nitaushika kwa mkono huu, na ngozi ataivuta nani? Mke wangu mwenyewe kaficha nyembe, kama mimi mtoto."

Kumbe alijua. Mkewe aliugusa ufunguo kwenye pindo la kanga.

"Hiyo ni sonona," daktari alisema. "Ubongo umeumia, na wewe umepoteza kazi uliyoipenda. Huwapata wengi baada ya kiharusi. Si kudeka, na inatibika. Nitakupa dawa isiyogombana na zile nyingine, na utaonana na mshauri wetu kila wiki. Hiyo itachukua majuma kadhaa kufanya kazi. Ya presha haisubiri. Ni sasa hivi."

"Dawa za vichaa?" kaka mtu akanong'ona.

"Ukivunjika mguu, utakataa plasta?"

Kaka mtu akaketi. Muuguzi akaleta kidonge na maji. Kinyozi akakitia mdomoni, akanywa. Shavu la kushoto likabaki na kifundo kidogo. Wote walikiona.

Mkewe alizunguka kiti, akachuchumaa mbele yake. "Nilificha kwa sababu naogopa kukukosa. Kwa siri sifanyi tena. Nyembe zitabaki zimefungwa mpaka daktari aseme, nakwambia usoni. Na wewe niambie usoni."

Kaka mtu akavua kofia. "Mashine ya umeme haihitaji kuvuta ngozi," alisema kwa aibu. "Kichwa changu hiki hapa. Uniharibu utakavyo."

"Kilishaharibika," kinyozi alisema.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kifundo kilisogea. Ulimi ulikisukuma polepole, kikavuka hadi upande unaohisi. Akaomba maji tena. Koo likapanda, likashuka. Akafungua kinywa bila kuambiwa, akainua ulimi.

"Kesho," alimwambia mkewe, "nitazame kinywani kwanza, ndipo ulete beseni."