Husna wa Klabu Sita

Jumatano ikifika, shule ile ilikuwa na mbio zake. Kengele ya kumaliza vipindi ikigongwa tu, asiye na klabu alipewa jembe, na shamba la mahindi la shule lilikuwa kubwa, na jua la Handeni halina huruma na mtu. Ndiyo maana pale shuleni hapakuwa na mwanafunzi asiye na kipaji. Wasiojua kuimba walikuwa kwenye kwaya. Waoga wa giza walikuwa skauti. Agripina, binti wa Kishambaa aliyekuwa akikaa dawati moja na Husna, alipiga hesabu mapema akajiunga na klabu ya afya, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kukagua kucha za kidato cha kwanza, halafu kukaa kivulini. Alikaa kivulini hadi kidato cha tatu na hakuna aliyemsumbua.

Husna Ramadhan yeye aliingia klabu kwa kupenda, na hicho ndicho kilichomponza. Alijiunga na mdahalo. Nyumbani alilelewa na bibi yake mzaa baba, bibi mwema lakini mwenye maneno mengi, na mtoto wa nyumba ile alikuwa wa kuitika tu: abee bibi, ndiyo bibi, naenda bibi. Siku aliyosimama mbele ya darasa mara ya kwanza akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti," watu wakanyamaza kumsikiliza, aliona kitu kimefunguka kifuani. Akasema moyoni kwamba hapa ndipo nyumbani.

Angeishia hapo, tusingekuwa na hadithi. Lakini mlezi wa mdahalo alikuwa Mwalimu Simeo, na Mwalimu Simeo alikuwa pia mlezi wa kwaya, na kwaya ilipungukiwa na sauti ya pili. Akamwita Husna nje ya ofisi. "Mwanangu, nishikie hapo kwa muda tu." Akashika. Halafu mwenzao mmoja wa klabu ya ngonjera akaugua malaria wiki ya kupokea wageni shuleni, na Husna alikuwa anaijua ngonjera yote kwa sababu alikuwa akipita pale wakifanya mazoezi. Akashika. Maigizo wakakosa mtu wa kuigiza mama mkwe mgomvi. Skauti wakakosa mtu wa kuamrisha gwaride. Klabu ya mazingira ilikosa mtu wa kila kitu. Kila mara Mwalimu Simeo alikuja na uso uleule uliochoka na sentensi ileile: "Husna, wewe hujawahi kuniangusha."

Mtu ukiambiwa hivyo unafanyaje? Wenye roho ngumu wanajua. Husna hakujua. Akajikuta ana klabu sita na hana Jumatano, na baada ya muda akawa hana hata Alhamisi. Akirudi kwa bibi jua limeshazama, ndoo zinamsubiri, mbuzi hawajafungwa, na daftari la hisabati analifungua ili apate mahali pa kulaza kichwa.

Tusimseme sana mwalimu. Mwenyewe alitoka Kwashemshi kijana mwenye digrii na kifua mbele, akapewa ulezi wa klabu moja na mkuu wa shule kwa muda tu. Wenzake mmoja alikuwa na duka, mwingine ana mtoto mchanga, mwingine alijua kukunja uso. Yeye hakujua kukunja uso. Klabu zote zikamwangukia, na alipohitaji bega la kuegemea aliliona la Husna kwa sababu lilikuwa karibu.

Muhula wa pili ikatangazwa kwamba kutakuwa na tamasha la klabu kule Korogwe, shule za wilaya zote mbili, Handeni na Korogwe, zikutane kwenye ukumbi mmoja. Mdahalo ungekuwa wa mwisho kabisa, na mzungumzaji mkuu wa upande wa watetezi angekuwa Husna. Hoja yenyewe ilisema klabu za shule zinamjenga mwanafunzi. Husna aliipokea hoja hiyo kama mtu aliyepewa zawadi.

Sababu ilikuwa mama yake. Mama huyo, Mwaija, aliachika Husna akiwa darasa la pili, akaolewa tena Mnyuzi, na tangu hapo mama na mwana walikuwa wanajuana kwa simu ya bibi, ile ya kushika mkononi huku mwenye simu amesimama pembeni anasikiliza. Mazungumzo gani hapo? Hujambo, sijambo, unasoma, nasoma. Mama alipoambiwa habari ya Korogwe akasema, "Nitakuja. Lakini sitaki kuja kwenye nyimbo. Nyimbo nimezisikia nyingi. Niambie saa ya huo mdahalo, nataka nikusikie unavyozungumza."

Husna akaandaa hotuba yake akitwanga, akichota maji, akifunga mbuzi. Aliandika kwamba kabla ya klabu alikuwa hajui kusema mbele za watu, na sasa anajua. Kila alipofika kwenye sentensi hiyo machozi yalimlengalenga.

Siku yenyewe waliondoka Handeni alfajiri kwa lori la Fuso la kukodi. Kaka mkuu akatoa amri kwamba kwaya iimbe njia nzima ili sauti zichangamke, na nani wa kuanzisha kama si Husna? Akaanzisha. Akaanzisha wa pili, wa tatu, vumbi linaingia mdomoni na kutoka. Walipofika Korogwe, joto limeshatanda, Agripina alimwangalia.

"Sauti yako inakwaruza."

"Itakaa sawa nikinywa maji."

Maji hakuyanywa, kwa sababu gwaride la skauti lilikuwa la kwanza. Alivaa skafu akasimama uwanjani akaamrisha kwa nguvu zake zote, kulia geuka, kushoto geuka, na wale skauti wetu wasiojua kulia ni wapi wakamfanya arudie. Kutoka hapo mbio nyuma ya jiko la shule, Agripina ameshika nguo, skafu inavuliwa, joho la kwaya linavaliwa. Kutoka kwaya, ngonjera. Kutoka ngonjera, khanga mbili na kilemba, amekuwa mama mkwe mgomvi, na mama mkwe huyo aliandikiwa kugomba tangu mwanzo wa igizo hadi mwisho. Watu walicheka sana. Husna alitoka jukwaani akiwa ameshika koo.

Palibaki kupanda mti wa klabu ya mazingira, halafu wimbo wa pili wa kwaya, halafu chakula, halafu mdahalo. Alimfuata Mwalimu Simeo, ambaye shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima na mikononi ana ngoma, filimbi na mche wa mwarobaini.

"Mwalimu, samahani. Naomba wimbo wa pili nisiimbe. Nilinde sauti kidogo, kwa ajili ya mdahalo."

Mwalimu alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Mwanangu, sauti ya pili nzima inakuegemea wewe. Ukitoka wanapotea. Wimbo mmoja tu, kisha upumzike. Wewe hujawahi kuniangusha."

Husna alijibu, "Sawa, mwalimu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kusikika vizuri siku ile.

Kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo ule sauti ilimkatikia. Haikuuma. Iliondoka tu, kama mgeni asiyeaga. Aliendelea kufungua na kufunga mdomo hadi wimbo ukaisha, wakapigiwa makofi, wakashuka.

Mama yake alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi na kikapu, amevaa baibui lililopigwa pasi vizuri, anaangaza macho huku na huku akitafuta mtoto ambaye picha aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya zamani. Husna alimkimbilia, akainama kidogo, akasema shikamoo mama. Ulitoka upepo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona? Unanionea haya?" Mwaija alicheka, akamshika mashavu. "Umekuwa mrefu! Haya, mimi sikuchoshi, nenda kajiandae. Nitakaa mbele kabisa, nisipitwe na neno."

Husna alitaka kumweleza. Lakini kumweleza kulihitaji kitu kilekile alichokuwa hana, na pia alikuwa amechoka mno, uchovu ule wa kuona heri jambo likufike liishe. Agripina alimletea maji ya moto na chumvi, akasukutua. Rafiki yake akamshauri amwachie mwingine azungumze. Husna akaangalia benchi la mbele, akaona baibui lile na kikapu kimewekwa magotini, akakataa. Huenda ikarudi, alijiambia. Nikisimama itarudi.

Mwenyekiti akagonga meza. Hoja ikasomwa. Mzungumzaji mkuu wa watetezi akaitwa, kutoka Handeni, Husna Ramadhan, na ukumbi ukanyamaza kwa namna ile aliyoipenda siku zote.

Akasimama. Akafungua mdomo.

"Mhe..."

Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo wa mlango mbovu. Akajaribu tena, ukatoka mfupi zaidi. Akajaribu kunong'ona, hata waliokaa mbele hawakushika kitu. Mtunza muda alikuwa anatazama saa yake kwa aibu. Sentensi zake zote zilikuwa pale kichwani, zimepangana, hata ile ya kusema mbele za watu, na hakuna hata moja iliyopata njia. Alimwona mama yake ameinamia mbele, mkono nyuma ya sikio, uso umejikunja kwa kujitahidi kusikia. Hapo Husna akakaa chini. Alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu.

Akaitwa mzungumzaji mkuu wa wapinzani, mvulana wa shule ya wenyeji aitwaye Kasmiri, kijana mrefu mwenye tai fupi. Alisimama na karatasi zake. Alizitazama, akamtazama Husna, akazikunja akazitia mfukoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa majaji. Tangu asubuhi dada huyu nimemwona kwenye skauti, nikamwona kwenye kwaya, kwenye ngonjera, kwenye igizo, na nikamwona anapanda mti. Sasa amekuja kutetea klabu." Akamgeukia mwenyekiti. "Wapinzani hatuna la kuongeza. Ameshatusemea."

Ukumbi ulilipuka. Walicheka wanafunzi, wakacheka majaji, wakacheka mpaka wapishi waliokuwa wanachungulia dirishani. Kasmiri mwenyewe hakucheka. Mwalimu Simeo naye hakucheka. Aliinama akawa anatazama filimbi iliyokuwa mkononi mwake.

Wapinzani wakapewa ushindi, mdahalo ukaisha haraka kuliko ilivyopangwa. Husna alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na jiko. Mama yake alimfuata. Alitoa kwenye kikapu chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye kitambaa, akamimina chai kwenye mfuniko. Ilikuwa ya tangawizi, kali. Husna akanywa. Ilimchoma koo hadi machozi yakapata kisingizio cha kutoka, na yalipoanza hayakukoma upesi.

"Klabu sita," alisema Mwaija. "Yule kijana amesema kweli?"

Husna akainamisha kichwa kukubali.

"Mimi nimetoka Mnyuzi kuja kukusikia, kumbe wamekumaliza tangu asubuhi." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayejisemea. "Na wewe ukakubali. Hilo umelitoa kwangu. Mimi nami niliitika kila kitu katika nyumba ile ya bibi yako, mpaka siku niliyoondoka sikuwa na la kusema."

Mwalimu Simeo akatokea pembeni ya jiko, anatembea haraka, joho la kwaya liko begani mwake. Alimwamkia mama kwa heshima, akajitambulisha, akamgeukia binti.

"Husna, mwanangu, pole sana. Sasa, mgeni rasmi ameomba kwaya yetu ifunge shughuli. Najua sauti huna. Wewe simama tu mbele, uchezeshe midomo, wenzako wakikuona watashika mstari. Dakika mbili tu." Akamnyooshea joho. "Unajua wewe hujawahi..."

Husna alitikisa kichwa kukataa.

Mwalimu alikatiza maneno. "Unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Umekasirika kwa yale ya ukumbini?"

Akatikisa kichwa.

"Huwezi kusimama, basi?"

Akatikisa kichwa. Mwalimu Simeo alibaki na joho mkononi akitafuta ni swali gani bado hajauliza. Lilipomjia, alilitoa polepole, kama neno la lugha ngeni.

"Hutaki?"

Husna aliinamisha kichwa mara moja, akakiinua. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko ulivyokwenda mbele ya majaji. Hakuangalia chini. Alimtazama mwalimu wake machoni, mwalimu aliyempenda, na akaona pale usoni kwake kwamba kumbe mtu anaweza kuangushwa na bado akabaki amesimama.

Mwaija aliweka mkono juu ya goti la binti yake.

"Sasa nimekusikia," alisema.

Ndani ya ukumbi kwaya ilikuwa imeanza bila kusubiri, sauti ya pili inatangatanga, inapotea, inarudi, na wimbo unaendelea hivyohivyo. Mwalimu Simeo alisikiliza kidogo. Alitazama upande wa ukumbini, akatazama joho, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeondoka nyumbani kabla ya alfajiri. Kisha akalikunja joho, akaliweka kwenye ncha ya benchi, akakaa.

Mama alimimina chai nyingine kwenye mfuniko, akampa mwalimu.