Antena ya Futikamba

Graeme Noonan hakuwa mtu wa kununua kitu ambacho angeweza kukiunda mwenyewe, hata vibaya. Antena ya kutafutia ndege za mfano zilizopotea aliitengeneza kwa bomba la plastiki, vipande vya futikamba ya chuma na klampu kuukuu za gari. Wenzake wa klabu ya kurusha ndege hizo pale Mallee, eneo la mashamba ya ngano, walimtania kwamba akiikosa ndege angalau atapima shamba. Aliwaacha wacheke. Antena ilifanya kazi: ukiielekeza kwenye kitoa mlio kilichofungwa ndani ya ndege, redio inapaza sauti, ukiigeuza pembeni, inanong'ona.

Jumamosi hiyo ndege iliyopotea haikuwa yake. Ilikuwa ya rafiki yake Wal Kozak, ndege ya mbao nyepesi isiyo na injini, mabawa marefu kupita kitanda. Wal aliijenga macho yakimwishia huku anajenga, na vipande vya mwisho alivigandisha kwa kupapasa. Hataweza kujenga nyingine. Alimwomba Graeme airushe kwa rimoti, yeye akae kitini asikilize upepo ukipita mabawani. Graeme, kwa kutaka sifa, aliipandisha juu mno, ikaingia kwenye mng'ao wa jua, akaipoteza machoni. Iliangukia mahali fulani ndani ya ngano ya mkulima Narelle Schache.

Narelle aliwavumilia kadiri alivyoweza. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na ngano iliyoiva ikinyeshewa imeharibika. Aliwaambia wazee hao wawili watafute upesi, kwani akimaliza kula anapanda kombaini kuvuna, na kutoka kule juu haoni kitu kilicholala chini ya masuke.

Graeme akaingia shambani. Mlio ulikuwa mkali. Akaufuata, ukamrudisha barabarani. Akaanzia upande wa pili, ukamrudisha palepale, kwenye pikapu yake. Alikaza klampu, akailaani futikamba, akaanza upya. Upande wa mbali wa shamba kombaini ikanguruma, ikaanza kuvuna.

"Graeme," Wal akaita kutoka kitini. "Leo asubuhi antena uliijaribu kwa kutumia nini?"

"Kile kitoa mlio cha akiba."

"Na sasa kiko wapi?"

 Graeme alifungua mlango wa pikapu. Kilikuwa juu ya dashibodi, kando ya miwani yake, kinalia kwa bidii. Muda wote ule alikuwa akilisaka gari lake mwenyewe. Kila mrusha ndege anakijua kichekesho hiki, na kila mmoja anaapa hakitamkuta. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakuona cha kuchekesha hata kidogo.

Alikizima. Redio ikanyamaza, halafu, kwa mbali, ukasikika mlio mwingine, ule uliokuwa umefunikwa tangu mwanzo.

Masikio ya Wal yalikuwa mazima kuliko ya mwenzake, kwa hiyo yeye akachukua redio na kuibana sikioni. Graeme alishika antena kwa mkono mmoja na kiwiko cha Wal kwa mwingine, wakajitosa kwenye ngano.

"Kushoto," Wal akasema. "Umepitiliza. Rudi. Hapo, twende."

Mlio ulizidi, na mngurumo wa kombaini ukazidi, vyote kutoka upande mmoja. Graeme aliinua antena juu, akaipunga, akapiga kelele hadi koo likamkauka. Narelle alikuwa ndani ya kibanda cha vioo, vumbi limemzingira, anatazama ngano yake.

Wal akasimama ghafla.

"Imenyamaza," akasema.

Nyuma ya mashine makapi yalikuwa yanamwagika, na katikati ya makapi Graeme aliona vijipande vya mbao nyeupe na utepe mwekundu wa bawa. 

"Niambie betri imekwisha," Wal akasema.

Betri ile Wal aliiunganisha mwenyewe wakati bado anaona, na ilikuwa na uwezo wa kukiliza kitoa mlio wiki nzima.

"Betri imekwisha, ndugu yangu."

Wal akatikisa kichwa kukubali. Alimrudishia redio, akamshika kiwiko, akangoja aongozwe.