Miguu ya Mzee Vaghji

Kokila alikuwa akisaga unga wa oksidi ya titani pamoja na sukari, katika maabara ya chuo kule Ahmedabad, miguu ya marehemu baba yake ilipoingia. Ilikuja peke yake, kuanzia vifundoni kushuka chini, visigino vimepasuka na nyufa zimejaa chumvi.

Kokila aliinama akaigusa. "Shikamoo, baba."

Haikuitikia, maana haina mdomo.

Mzee Vaghji alikuwa mvuna chumvi katika jangwa la Kachchh. Alipofariki, mwili wote uliungua juu ya kuni isipokuwa miguu iliyokaushwa na chumvi, kama kawaida ya wavuna chumvi, ikabidi izikwe kando. Jambo hilo lilimuuma Kokila kuliko msiba wenyewe. Alitaka baba yake apumzike, miguu na yote.

Mwenzake Farzana alipita na trei, akaviruka vile visigino. "Mwambie mzee asisogelee mizani, nimeifuta sasa hivi."

"Anaumwa, Farzana. Huoni nyufa?"

"Si umfanyie kama unga wako? Au mpaka uandikiwe barua?"

Alisema kweli. Unga ule hutiwa kwenye betri, na sodiamu ikiingia na kutoka, chembe zake hupasuka. Dawa ni kuuvika koti: sukari ikiokwa pasipo hewa hugeuka kaboni, ikaishika kila chembe isimeguke. Kokila akakoroga sukari kwa maji, akaipaka miguu ya baba yake kidole kwa kidole, taratibu, kisha akaitia tanurini na kufungulia gesi ya kufukuza hewa.

Jioni ilitoka myeusi, laini, haina ufa hata mmoja. Kokila alilia kwa furaha. Akaifunika kwa shali yake.

"Lala sasa, baba."

Asubuhi shali ilikuwa tupu. Akampigia mama yake simu huko jangwani.

"Yuko hapa," mama alisema. "Tangu alfajiri anakanyaga sakafu ya bwawa iwe ngumu, ndipo tufungulie maji ya chumvi. Hachoki tena! Tajiri mwenye mabwawa amemwona, kafurahi sana. Ametuongezea bwawa jingine."

"Mama, nilimtengeneza apumzike."

"Kwani mimi nilimwita?"

Kokila aliikunja ile shali tupu. "Na buti zako za kuzuia chumvi? Si tajiri aliahidi?"

"Anasema mwakani." Maji yalisikika yakichapwa chapwa chini ya nyayo zake. Kisha mama akashusha sauti, kama mtu anayeona haya kuomba. "Ile sukari, mwanangu, ulibakiza?"